Hatua ya Tatu

Kwa miaka kumi na miwili ya kazi, Inspekta alikuwa amezoea watu wanaokana. Wanakana na damu kwenye mikono ya shati, wanakana huku simu ya marehemu inaita mfukoni mwao. Hao alijua namna ya kwenda nao. Kesi ya gari la mashindano ilimletea kitu kigeni: watu wawili, kila mmoja akivutia kosa kwake, na mmoja tu aliyesema hana hatia.

Jumanne saa mbili na nusu asubuhi alikuwa mlangoni pa mahabusu, faili kwapani. Saa nane mchana faili hilo lilitakiwa liwe mezani kwa mwendesha mashtaka, na mtu aliyekuwa ndani angeshtakiwa kwa kuua bila kukusudia.

"Huyu wako anatuharibia kazi, afande," alisema konstebo wa zamu akitafuta ufunguo. "Jana ndugu zake walikuja kumwekea dhamana, akagoma kutoka. Anasema hapa ndipo pake. Wenzake wanamwogopa."

"Amekula?"

"Kanywa chai tu."

Mwenyewe aliitwa Cheche, jina alilobandikwa gereji kwa sababu ya kazi yake ya kuchomelea vyuma. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na ushee, mikono imejaa vidoti vya kuungua mpaka kwenye viwiko. Jumapili, siku moja baada ya ajali, alikuja kituoni kwa miguu yake, akavua kofia na kusema, "Mshono wangu ndio uliomuua yule binti." Inspekta alimwandikia maelezo kwa dakika ishirini. Yalikuwa maelezo safi, hayana neno lililokatwa, na tangu jana jioni yalikuwa yakimkosesha raha.

Binti aliyekufa walimwita Ramani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimsomea kaka yake njia kwenye mashindano ya kupanda mlima. Kaka mtu, Kona, ndiye aliyeshika usukani. Kwenye kona ya nne kitu kilikatika nyuma upande wa kulia, gari likageuka na kugonga ukingo wa mawe kwa ubavu wa abiria. Kona alitoka na mkono uliovunjika. Dada yake walimzika jana.

Inspekta alikaa kwenye benchi kando ya Cheche badala ya kusimama.

"Upande wa kushoto ulipiga mishono mingapi?"

"Minane," Cheche alijibu hapohapo. "Mitatu juu, mitatu chini, miwili pembeni. Wa pili wa chini ulinisumbua, palikuwa na uchafu. Nikausaga nikaurudia."

"Na kulia?"

Cheche alikunja kofia yake mapajani, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kulia vilevile."

"Neno 'vilevile' ni langu. Jumapili mimi ndiye niliyelisema, wewe ukaitikia kwa kichwa, nikaliandika." Inspekta alifungua faili akamwonyesha mstari. "Sasa nataka ya kwako. Kulia, mshono upi ulikusumbua?"

"Sikumbuki, afande."

"Kushoto unaukumbuka mmoja uliokuwa na uchafu. Kulia hukumbuki hata mmoja kati ya minane?"

"Akili haikuwepo. Jumatano saa sita walinipigia simu kutoka shule. Mwanangu ameanguka kwenye ngazi, mfupa uko nje. Nilitupa barakoa nikakimbia. Nimelala hospitali siku mbili, kwenye kiti. Ijumaa mchana ndipo niliporudi gereji. Gari limeshatoka kukaguliwa na waandaaji, limekaa chini, limevaa magurudumu. Nikalala chini yake na tochi nione nilipoachia. Kushoto nyeusi, kulia nyeusi."

"Nyeusi ndiyo nini?"

"Rangi ya lami, ya kuzuia kutu. Nikishachomelea, chuma kikapoa, ndipo napuliza. Sijawahi kupuliza kabla, hata siku moja, miaka kumi na tisa. Pale kwetu ukiona nyeusi ujue imekwisha. Kwa hiyo nilimaliza. Nilimaliza kwa haraka, mawazo kwa mtoto, ndiyo maana kiliachia."

"Unakumbuka kumaliza, au unakumbuka kuona rangi?"

Cheche alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake na kulikosa.

"Mama yake Ramani amekuwa akinipikia nyumbani kwake," alisema. "Usinitafutie mlango wa kutokea, afande. Nitamwangalia vipi yule mama?"

Inspekta alifunga faili. Aliona aibu, na hakujificha kwamba ni aibu. Mtu alikuja akiwa amevunjika, yeye akafurahi kwamba kesi imekwisha kabla ya chakula cha mchana, akamsaidia hata kutafuta maneno.

Alipita stoo ya vielelezo, akasaini kwenye daftari na kuchukua mfuko mmoja wa plastiki wenye kibandiko chekundu. Saa tatu na robo alikuwa gereji.

Gereji lilikuwa banda refu lenye shimo la kuingilia chini ya magari, meza ya chuma yenye jiriwa ya kubania vyuma na kabati kubwa la vipuri. Mwenye gereji aliitwa Mzee Jeki, mwembamba, mrefu, miwani imefungwa kwa waya. Alikuwa mjomba wa Kona na Ramani, kaka wa mama yao, na ndiye aliyewafundisha wote wawili kushika spana. Alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu, hafanyi kazi yoyote. Redio ilikuwa imezimwa.

"Umekuja kunichukua?" aliuliza.

"Nimekuja kujifunza. Lile la kabatini ni nini?"

Kwenye mlango wa kabati yalikuwa maandishi ya chaki, mistari sita iliyonyooka. Kwanza, matairi na breki. Pili, bushi. Tatu, chasisi. Nne, springi na shokapu. Tano, stabilaiza. Sita, alaimenti ya magurudumu. Mbele ya kila mstari kulikuwa na alama ya vema.

"Kazi ya gari la watoto," Mzee Jeki alisema. "Nimeshindwa kufuta."

"Kwa nini mpangilio huu? Nieleze kama unamweleza mjinga."

"Wewe si mjinga."

"Gari langu najua pa kutia mafuta na pa kutia ufunguo, basi."

Mzee alikaribia kucheka, akajirudi. Lakini alisimama, maana kazi ndiyo lugha pekee iliyokuwa imembakia.

"Kila anayekuja hapa anataka springi fupi kwanza, gari likae chini apige picha. Namwambia tulia. Linaloshika barabara ni tairi, linalokusimamisha ni breki, anza hapo. Halafu bushi, zile raba za kwenye maungio. Zikiwa zimechoka, chochote utakachofunga kitacheza. Halafu chasisi. Hapa ndipo wengi wanaporuka." Alichukua kopo tupu la mafuta ya breki, akalibonyeza ubavu kwa kidole gumba mpaka likaingia ndani. "Bati la nyuma la gari lile, pale kinapofungwa kishikio cha stabilaiza, ni jembamba hivi. Stabilaiza ni fimbo ya chuma inayozuia gari kulala kwenye kona. Kiwanda kiliweka laini, ya kwendea sokoni. Ukiweka nene ya mashindano, gari halilali, sawa, lakini ile nguvu haijafa. Inakwenda kuvuta bati. Kwa hiyo kwanza unachomelea kiraka cha chuma kinene juu ya bati, kushoto na kulia, na kishikio unakifunga juu ya kiraka."

"Na mtu akifunga stabilaiza bila kiraka?"

"Kona ya kwanza itavumilia. Ya pili itavumilia." Aliweka kopo chini taratibu. "Nilikwambia Jumapili kosa ni langu, ukaandika nusu mstari. Ijumaa asubuhi nililala chini nikaangalia. Siku zote nagonga kwa nyundo ndogo, nasikiliza, kiraka kilichoshika kina mlio wake. Siku ile sikugonga. Waandaaji walitaka gari saa nne. Niliona nyeusi pande zote, nikatia vema hatua ya tatu. Andika hivyo, yule mtu aende nyumbani."

"Yule mtu anasema mshono ni wake."

"Cheche ana moyo wa kitoto."

Inspekta alivaa glovu, akatandaza gazeti juu ya meza na kukata kibandiko chekundu. Kilichotoka kilikuwa kishikio cha kulia pamoja na kipande cha bati kilichong'oka nacho, kimekunjamana, kimegandwa na udongo. Mkaguzi wa magari alikuwa amekiandikia mistari minne: mshono uliachia. Aliandika hivyo kwa kuwa maelezo ya Cheche yalikuwa mbele yake, na aliyempelekea maelezo hayo alikuwa Inspekta.

Alipiga picha pande zote. Aliomba mafuta ya taa na kitambaa. Mzee Jeki alivileta, kisha akarudi nyuma hatua mbili na kugeukia ukutani.

Udongo ulipotoka, rangi nyeusi ilionekana. Inspekta alichukua wembe, akakwangua sehemu ndogo kama ukucha. Chini ya nyeusi palitokea kijivu, laini, kinachong'aa.

"Mzee, njoo. Hii ya kijivu ni nini?"

Hakutaka kuja. Alikuja.

"Rangi ya kiwanda."

"Cheche anaweza kuchomelea juu ya rangi ya kiwanda?"

"Hapana. Anaisaga mpaka chuma kiwe cheupe. Juu ya rangi mshono haushiki, unatema tu."

"Kwa hiyo hapa?"

Mzee Jeki alivua miwani, akaifuta kwa shati chafu na kuivaa ikiwa chafu zaidi.

"Hapa moto haujawahi kufika," alisema.

Inspekta aliandika hayo kama yalivyotamkwa, na saa. Mshono uliokuwa umemweka mtu mahabusu siku mbili haukuwahi kuwepo. Lakini mtu fulani alikuwa amepaka nyeusi mahali pasipochomelewa, katika gereji ambalo nyeusi ni neno la mwisho, na aliyefanya hivyo alijua watakaoangalia watasoma nini.

Alisogeza kipande karibu na dirisha. Kwenye ile nyeusi kulikuwa na unywele mgumu, umenasa, urefu wa nusu kidole.

"Cheche hutumia brashi?"

"Anapuliza. Brashi anatucheka nayo, anasema ni ya kupakia ukuta wa choo."

"Nani hutumia?"

"Brashi ziko stoo. Yeyote." Alikohoa. "Mimi."

"Wewe?"

"Nilipaka mimi, afande. Alhamisi nilisafiri kufuata shokapu, nikarudi jioni. Nikaona kulia hakujachomelewa. Cheche yuko hospitali, muda hakuna. Nikachukua brashi. Haya, twende." Alinyoosha mikono yake miwili kama mtu anayepimiwa shati.

Inspekta hakuitazama mikono.

"Ulipaka kabla ya kufunga kishikio au baada?"

"Kabla, lazima. Kishikio kikishakaa utapenyeza brashi wapi?"

"Na rangi hizi zilizoko mezani, makopo mawili madogo, nyeupe na njano?"

"Za kutilia alama. Bolti ukishaikaza unaipiga mstari, kutoka kichwani hadi kwenye chuma. Ikilegea, mstari unakatika, unaona kwa jicho." Alikuwa amejibu kwa mazoea, na sauti ikampungua njiani. "Kila mtu na rangi yake."

"Yako?"

"Nyeupe."

Inspekta alimgeuzia kishikio. Kwenye kichwa cha bolti, chini ya nyeusi iliyochubuka, mstari wa njano ulikuwa unachungulia, mzima, haujakatika. Kisha alionyesha kwa ncha ya wembe ukingo wa kishikio, pale kilipojitenga kidogo na bati. Chini yake palikuwa na kijivu kitupu.

"Aliyepaka, alifunga kwanza. Akakaza, akatia alama yake, halafu ndipo akapaka juu ya kila kitu. Wewe, mzee, hata kudanganya unadanganya kwa mpangilio. Huwezi kuanza na la mwisho." Alisema kwa upole, maana hakuna alichokuwa akishinda. "Njano ni ya nani?"

Mzee Jeki alishusha mikono. Alikwenda nyuma ya banda kulikopangwa matairi yaliyochakaa, akaingiza mkono mpaka begani katikati ya mawili na kuvuta kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Alikiweka juu ya gazeti. Kilikuwa kiraka cha chuma kinene, kimekatwa vizuri, kimetobolewa matundu manne, na ukingoni mwake hakuna hata doa la moto.

"Tangu lini unacho?"

"Jumapili. Niliposikia Cheche amekwenda kwenu. Nilijiambia, Cheche hawezi, mshono wa Cheche unaweza kuning'inizia gari zima. Nikaanza kutafuta. Nilitafuta nikiomba nisikipate."

"Ukakipata. Na hukuja."

"Sikuja."

"Mtu uliyefanya naye kazi miaka kumi na tisa."

"Najua hesabu yake!" Alipiga kelele, kisha akashika jiriwa kwa mikono yote miwili. "Wapwa nilikuwa nao wawili, afande. Mmoja alikuwa anangojea kuzikwa. Nilitaka nibakie na mmoja. Cheche angefungwa mwaka, mwaka na nusu, ningemlelea wanawe, angetoka. Ndivyo nilivyopanga. Usiku nalala naona anaitikia kwa kichwa, anakubali, yule mjinga, anakubali kitu asichofanya, na mimi ninacho."

Alilia wazi, bila kuficha uso. Inspekta alimwacha. Alipotulia alimwandikia maelezo, akamsomea, akamwambia kwamba kuficha kielelezo ni kosa na kwamba atamwita. Mzee alitia sahihi bila kuuliza atapata adhabu gani. Aliomba jambo moja tu, aende yeye akamtoe Cheche. Inspekta alimpigia konstebo simu na kumwambia amwandae mahabusu kutoka, atake asitake.

Nyumba ya kina Kona ilikuwa mitaa miwili kutoka gereji, ya ghorofa moja, ukuta wa njano hafifu. Viti vya msiba vilikuwa vimeshakusanywa na kubebanishwa ukutani. Mama alifungua mlango mwenyewe. Macho yalikuwa yamevimba, lakini nguo imenyooshwa na sakafu imepigwa deki.

"Karibu, mwanangu," alimwambia Inspekta, kama anavyomwambia kila mwanamke aliye mdogo kwake. "Cheche mmemlisha? Mwambieni ale. Simchukii. Kazi ni kazi, mkono huteleza."

"Nitamwambia, mama."

"Kaka yake Ramani yuko ndani. Haongei. Pengine kwako ataongea."

Alikwenda jikoni. Kona alikuwa sebuleni, kijana wa miaka ishirini na saba, mkono wa kushoto kwenye plasta, runinga imewashwa bila sauti. Inspekta aliizima, akavuta kiti mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Maelezo nimeshatoa," Kona alisema.

"Nimeyasoma. Umesema mshono wa Cheche uliachia. Ulijuaje kwamba amechomelea?"

"Aliniambia amemaliza."

"Lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi alikuwa hospitali na mtoto. Aliondoka gereji Jumatano saa sita."

"Basi Jumatano, kabla hajaondoka."

"Aliondoka anakimbia, barakoa imetupwa chini. Alisimama kukuambia?"

Kona alitazama runinga iliyozimwa. "Kulikuwa na nyeusi. Mtu yeyote angejua amemaliza."

"Nyeusi ya brashi. Chini yake kuna mstari wa njano kwenye bolti, na chini ya yote kuna rangi ya kiwanda." Alifungua kitambaa juu ya meza ndogo. "Na hiki kilikuwa kwenye matairi. Si lazima useme kitu. Ukisema, nitaandika."

Kijana alikigusa kiraka kwa kidole, akaondoa kidole haraka.

"Mbio zilizopita nilipitwa kwa sekunde mbili," alianza, na alipoanza hakusimama. "Gari linalala. Kila kona linalala. Stabilaiza imefika, iko pale mezani, Mjomba anasema hatua ya tatu, hatua ya tatu. Cheche akaondoka. Nilijua hatarudi kabla ya Ijumaa, na Ijumaa saa nne ni ukaguzi. Alhamisi Mjomba hayupo. Nikafunga. Nikasema ni mbio moja tu, mlima mzima ni dakika tatu. Jumatatu Cheche angechomelea, na hakuna ambaye angejua. Lakini Mjomba akiona kijivu kulia asingeniachia gari. Nikachukua brashi."

"Na Jumamosi jioni, ulipoulizwa?"

"Niliamka hospitali, askari ananiuliza nini kimekatika. Nikasema mshono. Kesho yake nikasikia Cheche amekwenda mwenyewe. Nikasubiri mtu aseme hapana, si yeye. Hakuna aliyesema."

"Wewe ungesema."

"Ndiyo."

Inspekta aliandika mpaka chini ya ukurasa, akafungua mwingine. Lilikuwa limebaki swali moja. Ni swali ambalo mwendesha mashtaka angeliuliza, na wakili yeyote angemfundisha huyu kijana namna ya kulijibu. Akisema dada yake alijua, alikubali, walipanga pamoja, mzigo ungegawanyika nusu kwa nusu. Hakuna aliye hai ambaye angeweza kumkanusha.

"Dada yako alijua kwamba upande wa kulia hauna kiraka?"

Mlangoni palikuwa pametokea mama, amebeba gilasi ya maji kwenye kisahani. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

Kona alimwona.

"Jibu," mama alisema.

"Hakujua." Sauti yake ilitoka ndogo sana. "Jumamosi asubuhi, tumeshakaa kwenye mstari, anafunga mkanda. Alikuwa na daftari lake la njia magotini. Akaniuliza, 'Kaka, Cheche aliwahi kumaliza kabla hajaenda hospitali?' Nikamwambia amemaliza. Akasema haya, twende."

Mama aliweka gilasi juu ya meza, kando ya kile chuma. Aliketi kwenye kochi, mbali na mwanawe, mikono amefumbata mapajani.

"Umeandika?" mama aliuliza.

"Naandika, mama."

"Wanasema yule mtoto alikuwa na kichaa cha magari. Jana makaburini nilisikia watu, mtoto wa kike anafuata nini kwenye magari. Andika kwamba aliuliza."

"Nimeandika."

"Nisomee."

Inspekta aligeuza daftari kuelekea mwanga. "'Dada yangu aliniuliza kama Cheche alimaliza kazi. Nilimjibu kwamba amemaliza. Aliniamini.'"

"Hilo la mwisho amelisema yeye?"

Inspekta alisimamisha kalamu. Hakulisema. Lilikuwa limemtoka yeye tena, neno zuri la kufungia ukurasa. Alilikata kwa mstari mmoja na kutia herufi za mwanzo za jina lake pembeni.

"Aliniamini," Kona alisema. "Liandike. Nalisema mimi."

Inspekta aliliandika upya chini yake, akamgeuzia ukurasa na kumpa kalamu. Kijana aliishika, akaitazama karatasi, akamtazama mama yake, na mkono haukwenda.

Mama alinyanyuka kwenye kochi, akaja kukaa karibu naye, akamshikia karatasi isiteleze.

"Tia sahihi, mwanangu," alisema.